Kabla Hujashusha Giaboksi

Hotuba kwa madereva, wenye magari na mafundi vijana, Mtwara, kabla ya msimu wa korosho

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, madereva wa barabara zetu za kusini, na ninyi vijana wa gereji mliochagua viti vya karibu na mlango ili mkichoka mtoroke bila kelele: shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie utunzaji wa vyombo kwa ujumla. Nikamwambia hapana, mambo ya kwa ujumla hayajawahi kumfikisha mtu Masasi. Nitasema juu ya gia, basi. Minada ya korosho ikishaanza, kila Kenta, kila Fuso na kila kirikuu ya huku itakuwa na mzigo mgongoni, kutoka maghala ya vyama vya msingi kwenda maghala makuu, na kutoka huko kuja bandarini. Na ndio wakati ambao magari huanza kufika gereji yakiwa yamefungwa kamba, dereva ameshuka, uso umemparama kwa vumbi, ana sentensi moja tu: "Fundi, giaboksi imekufa."

Hoja yangu ya leo naisema mapema, ili hao wa mlangoni wakiondoka waondoke nayo. Mara nyingi giaboksi haijafa. Kilichokufa kiko nje yake, na unaweza kukijua ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, bila spana hata moja mkononi. Lakini sisi tuna haraka ya kushusha. Giaboksi ya Fuso kuishusha ni migongo ya watu, ni siku imekwenda, na ukishaifungua ukakuta ndani salama, tajiri mwenye gari hakulipi kwa kukuta salama.

Tukumbushane kidogo kinachofanyika pale chini. Injini inazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma yake. Klachi pleti imebanwa katikati ya flaiwili na presha pleti, nayo imevaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Ukikanyaga pedeli, masta ya juu, yaani silinda ndogo ya mafuta, inasukuma mafuta kwenda masta ya chini, masta ya chini inasukuma foki, foki inasukuma beringi ya klachi, beringi inabonyeza vidole vya presha pleti, ndipo pleti inaachiwa. Ni mikono mingi imepokezana kazi moja. Mmoja ukilegea, pleti haiachiwi vizuri, ile shafti inaendelea kuzungushwa na injini wakati wewe unaamini umeshaitenga, gia inakwaruza au inagoma kabisa, na lawama inaenda kwa giaboksi ambayo haijafanya kosa lolote.

Sasa kipimo cha kwanza. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono juu, injini izimwe. Kanyaga klachi, pitisha gia zote: moja, mbili, tatu, nne, tano, rivasi. Usikimbize. Kiganja chako ndicho kinachopima hapa. Ukishamaliza, washa injini, iache iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, rudia zilezile.

Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, zikagoma injini ikiwa imewashwa, tatizo ni klachi kutoachia. Hapo hakuna sababu ya kuifungua giaboksi. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, klachi iache, nenda kwenye mkono wa gia, kebo zake na bushi zake, na ndani ya giaboksi iwe mahali pa mwisho kuangalia. Angalizo moja: gia moja ikikataa injini ikiwa imezimwa, huenda meno yamekutana uso kwa uso tu. Lisukume gari kidogo, jaribu tena, kabla hujatangaza msiba.

Kipimo cha pili ni rivasi. Giaboksi nyingi, hasa za zamani, rivasi yake haina sinkronaiza, ile ringi ya kulinganisha mwendo kabla meno hayajashikana, kwa hiyo inasema ukweli bila kupambwa. Injini inawaka, gari limesimama, kanyaga klachi, hesabu moja hadi tano taratibu, kisha ingiza rivasi. Kama bado inakwaruza baada ya kusubiri, shafti haijasimama, yaani klachi inaburuta. Kama ukisubiri haikwaruzi, na ukifanya haraka inakwaruza, gari halina ugonjwa. Mwenye haraka ni wewe. Pale stendi nawaona makondakta wanagonga bodi, "rudi, rudi, rudi," dereva naye anatupia rivasi hata gari halijasimama sawasawa, halafu jioni ananiuliza kwa nini meno ya rivasi yameliwa.

Tuseme kipimo kimekuonyesha klachi haiachii. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndiko magari mengi yanakoishia na ndiko kusikohitaji pesa nyingi.

Pampu pedeli mara mbili, tatu, kwa haraka, kisha jaribu gia. Ikiingia, umeshajua nusu ya jibu: kuna upepo kwenye mfumo, au raba za masta zimechoka na mafuta yanapita pembeni. Sasa shuka, piga goti chini, ingiza kichwa chini ya dashibodi. Pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta ya juu, pitisha kidole kwa chini. Kikitoka kimelowa, raba ya masta ya juu imeisha na mafuta yanarudi ndani ya kabini kupitia fimbo. Angalia na rangi ya bodi pale pembeni. Mafuta ya breki yanakula rangi. Ukiona imevimba na kubanduka, uvujaji huo si wa jana. Madereva wengi wanaona mkeka wa miguu umelowa wanadhani ni maji ya mvua.

Kisha nenda chini ya gari kwenye masta ya chini. Kunja ile buti ya mpira kwa kidole. Ndani panatakiwa pawe pakavu, vumbi kidogo si neno. Yakidondoka mafuta, mtuhumiwa ndiye huyo. Hata pakiwa pakavu, mwite mtu akanyage klachi na asiiachie, wewe tazama fimbo inayosukuma foki. Je, inatembea ya kutosha? Na ikishatembea, inabaki pale ilipofika, au inarudi kidogo kidogo wakati mguu bado uko chini? Ikirudi yenyewe bila kuvuja nje, masta ya juu inapitisha ndani kwa ndani. Ndiyo ile hali ya kusimama kwenye foleni umekanyaga klachi, na gari linaanza kunyemelea mbele lenyewe. Na fimbo ikitembea vizuri kabisa, ikabaki pale pale, lakini gia bado zinakwaruza, sasa una haki ya kuanza kuishuku klachi yenyewe au foki iliyopinda.

Mafuta ya kuweka humo ni mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko unavyosema. Si oili ya injini, si haidroliki ya stelingi. Oili hizo zinavimbisha raba. Klachi itafanya kazi leo na kesho, keshokutwa raba zote za mfumo zimeharibika na unanunua masta mbili badala ya moja. Na yale mafuta ya kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo, unayouziwa pembezoni mwa barabara, mimi siyaweki kwenye gari la mtu. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Sisi tuko pwani. Chupa iliyokaa wazi huku Shangani au Mikindani inanyonya unyevu wa bahari mpaka inashiba, na unyevu huo unakwenda kuanzisha kutu ndani ya silinda. Ukifungua kidebe cha mafuta ya klachi ukakuta mafuta meusi kama kahawa, yamwage yote, jaza mapya, toa upepo mpaka yatoke meupe bila povu. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, mpira mwembamba na chupa. Vijana, kidebe kisiishiwe mkiwa katikati ya kazi, mtavuta upepo upya na kuanza moja.

Wenye kirikuu na magari mengine madogo, nyingi zenu hazina masta, zina waya. Waya wa klachi huku kwetu unaliwa na chumvi. Unaanza kuwa mzito, kisha nyuzi zinakatika mmoja mmoja ndani ya ganda ambako huoni, siku ya siku unakanyaga na pedeli inabaki chini. Pedeli ikianza kuwa nzito kuliko ilivyokuwa, chomoa mwisho wa waya uutazame. Angalia pia mchezo wa pedeli, ile nafasi ndogo ya juu ambayo pedeli inatembea bila kusukuma kitu. Ukubwa wake kila gari lina wake kwenye kitabu. Mchezo ukizidi, klachi haiachii vizuri. Ukikosekana kabisa, beringi inakaa inabonyeza vidole muda wote, klachi inaanza kuteleza na beringi inapiga kelele kabla ya wakati wake. Kuna gereji zinakaza ile nati mpaka mwisho ili "klachi ikae juu," mteja anafurahi siku hiyo.

Nimetaja kuteleza. Huo ni ugonjwa wa upande wa pili: pale klachi iligoma kuachia, hapa inagoma kushika. Unapanda kilima na mzigo, injini inapiga kelele, mshale wa resi, yaani kasi ya mzunguko wa injini, unapanda, gari halisogei inavyostahili, na harufu ya kuungua inaingia kabini. Kipimo chake: breki ya mkono juu, mguu mwingine kwenye breki, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Klachi nzima itazima injini mara moja. Injini ikiendelea kuunguruma, pleti inateleza. Fanyeni mara moja tu, mbele pasiwe na mtu, na msirudierudie, maana kipimo chenyewe kinaunguza. Kabla ya kusema pleti imeisha, tazama kama kuna oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Sili ya nyuma ya injini ikivuja, oili inarukia pleti, na ukifunga pleti mpya bila kubadili sili umeinunulia oili chakula kingine.

Kelele nitapita haraka. Kelele ikiwepo gari likiwa fri, yaani halina gia, na mguu uko juu, ikapotea ukikanyaga klachi, sikilizia beringi ya shafti ya kuingilia, na hiyo ni ya ndani ya giaboksi. Kelele ikitokea ukikanyaga tu, ni beringi ya klachi. Kelele ya muda wote, hata ukiwa mwendoni na mguu uko mbali na klachi, inabadilika kwa mwendo wa gari na si kwa resi ya injini, tafuta nyuma huko: difu ya kwenye ekseli, propela ile shafti ndefu, beringi za matairi. Wapo walioshusha giaboksi kwa sababu ya beringi ya tairi.

Sasa gia kuchomoka. Hili nitalisema kwa ukali kidogo mnisamehe.

Nimeona Kenta imebeba mzigo kamili, mkono wa gia umefungwa kwa mpira wa tyubu kwenye fremu ya kiti ili gia ya tatu isichomoke. Dereva ananieleza kwa fahari kabisa, kama amevumbua kitu. Baba, mteremko wa kutoka Newala kushukia upande wa Masasi unaujua. Gari limelemewa, breki zimeshapata moto, kinachokushikilia ni injini kupitia gia. Ule mpira ukikatika, au gia ikachomoka mpira ukiwa umelegea, gari liko fri na mzigo wote unakusukuma kutoka nyuma. Na kuirudisha gia gari likiwa limeshashika kasi, haiingii. Wanaoteremka na fri kwa makusudi ili kuokoa dizeli ni kundi lilelile, na siwaombei samahani kwa kusema hivyo.

Gia kuchomoka kuna sababu za nje na za ndani. Anza nje. Fungua boneti au nyanyua kabini, mtu aongeze resi kisha aachie ghafla. Injini ikiruka sana upande mmoja, raba ya kushikilia injini au giaboksi imekatika. Injini inapocheza, inavuta giaboksi, na mkono wa gia uliofungwa kwenye bodi unabaki pale pale. Matokeo yake gia inavutwa kutoka. Halafu angalia kebo. Kenta na magari mengi yenye kabini juu ya injini yanabadilisha gia kwa kebo au fito ndefu, moja ya kuchagua na nyingine ya kuingiza. Mwisho wa kila moja pana bushi. Vumbi la Nanyamba na Tandahimba likichanganyika na grisi linakuwa msasa, bushi inaliwa, na gia inaishia nusu ya safari bila kuingia mpaka mwisho. Gia iliyoingia nusu itachomoka, haina ujanja. Shika mwisho wa kebo pale kwenye giaboksi kwa mkono, utikise. Mtu akae kwenye kiti aingize gia, wewe tazama kama mkono wa pale chini unafika mwisho wake. Bushi ya bei ndogo ndiyo iliyomfanya mtu afunge tyubu.

Kama nje kote ni salama, hapo ndani sasa: foki ya gia imelika, springi na gololi inayoshikilia fito imechoka, meno ya habu, kile kitovu kinachofunga gia kwenye shafti, yamekuwa mviringo, au beringi zimelegea mpaka shafti inatembea mbele na nyuma. Hapo kushusha ni halali.

Mkononi mwenu mna sehemu ya lawama. Kuna madereva wanaendesha mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umelazwa juu ya mkono wa gia toka Mingoyo mpaka Ndanda. Uzito wa mkono ule unaisukuma foki isuguane na ringi inayozunguka, kilomita baada ya kilomita. Vivyo hivyo mguu wa kushoto uliopumzishwa juu ya klachi. Na ule mtindo wa kulishikilia gari kwenye kilima kwa klachi na mafuta badala ya breki ya mkono, mnaupenda sana mbele ya abiria. Kwa dakika chache unaunguza pleti zaidi ya safari nzima ya kwenda Lindi.

Turudi kwenye kukwaruza. Gia zote zikikwaruza, klachi. Gia moja tu ikikwaruza na nyingine ziko safi, klachi haina kosa, ni sinkronaiza ya gia hiyo. Sinkronaiza ni ringi ya shaba inayobana koni ya gia ili mwendo wa gia na wa shafti ulingane kabla meno hayajashikana. Anayedandia basi linalotembea lazima akimbie kwanza mwendo wa basi ndipo aruke. Ringi ile ndiyo inayomkimbiza. Mifereji yake midogo ikishalika, haishiki tena, meno yanakutana yakiwa na mwendo tofauti, krrr. Namba mbili ndiyo hutangulia kufa kwenye magari mengi kwa sababu ndiyo tunayoirudia mara kwa mara, na mara nyingi tunaitupia tukiwa bado na mwendo wa namba tatu. Ukitaka kufika mwisho wa msimu kabla ya matengenezo, tumia klachi mara mbili kama madereva wa malori ya zamani: kanyaga, toa hadi fri, achia, gusa mafuta kidogo kama unashusha gia, kanyaga tena, ingiza. Wazee walioko hapa wanacheka kwa sababu wao walijifunza hivyo, gari la sinkronaiza walilikuta ukubwani.

Ila kabla hujailaani ringi, tazama oili. Sijui tumepata wapi imani kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha. Weka gari tambarare. Fungua kwanza nati ya kujazia, ile ya ubavuni, kabla ya kugusa ya kumwagia. Vijana, nisikilizeni hapa: ukimwaga oili yote halafu nati ya kujazia ikagoma kufunguka, gari haliendi popote. Ukishaifungua, ingiza kidole cha shahada mpaka pingili ya kwanza na ukikunje chini. Kwa giaboksi nyingi oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Usipoigusa, imepungua, tafuta inapovujia. Kitoe kidole, kifutie kwenye kitambaa cheupe. Rangi ya dhahabu au kahawia ni sawa. Vimeta vya njano ni shaba, ringi zinaliwa. Nati ya kumwagia mara nyingi ina sumaku, na uji laini wa kijivu juu yake ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida.

Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapa kusini hilo tunalijua. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, magari mengi ya huku yalipita kwenye maji baadaye. Giaboksi ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo inasinyaa, na inavuta kitu chochote kilichoko kwenye tundu lake la kupumulia au kwenye sili iliyochoka. Kikiwa ni maji, inavuta maji. Dereva anafika salama, anaosha gari, anasahau. Shaba na beringi zinakaa kwenye maji mpaka msimu unaofuata. Ukishavuka maji yaliyofika kwenye giaboksi, angalia oili ya giaboksi na ya difu wiki hiyohiyo.

Na oili si oili tu. Kwenye maduka yetu utaambiwa kuna namba 90 na namba 140 za uzito wa oili, chagua. Giaboksi iliyotengenezewa oili nyepesi ukiitia 140 kwa sababu "ni nzito inalinda," asubuhi gia zitakuwa ngumu kama zimekwama, kwa sababu ringi inashindwa kuikata oili ile nzito. Ikipata moto zinalainika, na wewe unasema gari lina tabia ya kuamka vibaya. Kitu kingine: tazama maandishi ya GL, yaani daraja la oili ya gia, kwenye galoni. Oili ya GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu zaidi, ina dawa nyingi za kuzuia meno yasisagane. Kwenye giaboksi inayotaka GL-4, dawa hizo zinaweza kuila shaba, na utelezi wake unazifanya ringi zishindwe kushika. Tena kuna giaboksi za mkono zinazotumia oili nyekundu ya otomatiki, na nyingine oili ya injini. Kitabu cha gari, au mwenye gari la aina hiyo anayekijua kitabu. Si kijana wa dukani.

Nimalizie na ninyi mafundi, kwa sababu nimewasema sana madereva wakapiga makofi.

Ikishaamuliwa kushusha, na vipimo vyote vimesema hivyo, fanyeni mara moja. Pleti, presha pleti na beringi vibadilishwe pamoja. Tajiri akisema abadilishe pleti tu, mwambieni bei ya kushusha mara ya pili, atanunua seti. Kagueni uso wa flaiwili: ukiwa na mabaka ya bluu na nyufa, upelekwe kuchongwa. Sili ya nyuma ya injini ibadilishwe hapohapo ikiwa na dalili. Pleti ina upande wa injini na upande wa giaboksi. Ikifungwa kinyume, klachi haitaachia na mtarudi chini ya gari. Na wakati wa kupandisha, msiiache giaboksi ining'inie kwenye shafti iliyokwishaingia kwenye pleti huku mnatafuta boliti. Uzito ule unapinda katikati ya pleti. Gari linatoka gereji na klachi mpya kabisa inayokwaruza, mteja anasema spea ni feki. Spea haikuwa feki. Iliharibika mikononi mwenu, katika zile dakika ambazo mmoja alikwenda kupokea simu. Jeki ya pili, au kipande cha gogo, kinatosha.

Spea za zamani apewe mwenye gari mkononi. Akizitaka asizitake.

Dereva akikwama njiani kabisa, tuseme kati ya Nangurukuru na Mbwemkuru ambako hata mtandao wa simu unasumbua, na klachi imekatika moja kwa moja: gari nyingi zisizozuia kuwaka bila kukanyaga klachi zinaweza kuanzwa kwa stata zikiwa kwenye namba moja, injini imezimwa, mbele pakiwa peupe. Litaruka kidogo kisha litashika. Ukiwa mwendoni, achia mafuta, toa gia hadi fri, subiri resi ilingane, ingiza inayofuata kwa kidole bila nguvu. Kusimama ni kwa kuzima injini. Nenda hivyo mpaka kijiji cha kwanza chenye fundi, bila abiria na bila mzigo ukiweza. Usifike nayo mjini.

Mwenyekiti, muda wangu ndio huo. Nimeona wakati nikisema habari za rivasi, wakubwa wawili wa Fuso pale kushoto walitazamana. Magari yako nje, funguo mnazo, na vijana wana nguo za kazi. Anayetaka kipimo cha kwanza kifanyike kwenye gari lake, alilete hapa uwanjani alisogeze kivulini, injini aizime.